RANGI MPYA JUU YA MBAO ILIYOOZA



Ndugu zangu katika imani,

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia faragha: "Ustadh, nina gari lilipata ajali. Nimelitengeneza vizuri, nimelipiga rangi, sasa linaonekana kama jipya. Nataka kuliuza. Je, ni lazima nimwambie mnunuzi kuwa liligongwa? Mwenyewe haulizi."

Ningeweza kumjibu kwa neno moja: ndiyo. Lakini jibu hilo analijua tayari. Asingelijua, asingeuliza. Kinachomsumbua si hukumu, kinachomsumbua ni bei. Namfahamu vizuri kwa sababu na mimi niliwahi kusimama pale aliposimama yeye, na sikusimama vizuri.

Kwa hiyo leo sitotoa mhadhara. Nitawasimulia namna nilivyouza jahazi la marehemu baba yangu. Nawaomba msome hadi mwisho, maana sehemu ya mwanzo inanifedhehesha.

JAHAZI LA BABA

Baba, Allah amrehemu, alikuwa nahodha. Jahazi lake halikuwa kubwa, futi 40 hivi, mlingoti mmoja na tanga moja. Miaka mingi alipakia mizigo baina ya Unguja, Pemba na Tanga, akienda na pepo za kusi na kaskazi kama walivyokwenda wazee wake. Sisi watoto tulikula, tukavaa na tukasoma kwa jahazi lile. Hata chuo cha Qur'ani nilichosoma mimi, ada yake ilitoka ndani ya ngama ya chombo kile.

Alifariki mwaka 2016. Jahazi likapandishwa pwani ya Mkokotoni, likawekwa magogo, likaezekwa makuti juu. Tukasema tutalishughulikia. Mnajua jinsi mali ya urithi inavyosubiri. Ikapita miaka mitano.

Watu wengi hudhani kwamba chombo cha mbao huharibika baharini na hupumzika kikiwa nchi kavu. Muulize fundi yeyote atakwambia kinyume chake. Maji ya chumvi huihifadhi mbao, na maji ya mvua huiozesha. Jua linapasua, makuti yanavuja, mvua inaingia kwenye pembe isiyopata hewa, inatuama hapo, na mbao inaoza kimya kimya huku nje ikionekana nzima. Likumbukeni jambo hili la mvua, nitalirudia.

Warithi tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na dada yetu. Tulikubaliana jahazi litengenezwe, liuzwe, na kila mmoja apate haki yake kama Allah alivyogawa. Gharama nitoe mimi, nirudishiwe kwanza kutoka kwenye bei, kisha kinachobaki kigawiwe. Nilitoa milioni 14, nyingine akiba yangu, nyingine mkopo wa rafiki usio na riba.

Nilikwenda Nungwi kumtafuta fundi mzee aliyemjua baba. Alifanya kazi miezi minane. Laiti mngeiona ile kazi! Mafundi hawa hawana ramani ya karatasi, ramani yao ni jicho. Taruma huliendea mtini, wakatafuta mwembe au mtondoo uliopinda wenyewe tangu ukiwa mche, kwa sababu mti ulionyooka ukikatwa upate pindo huwa dhaifu pale penye pindo. Tezo ilichonga, keekee ikatoboa, misumari iliyoliwa na kutu ikang'olewa mmoja mmoja. Nyufa zote baina ya mbao na mbao zikatiwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta ikashindiliwa kwa patasi na nyundo, tok, tok, tok, kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Nilikuwa nikikaa chini ya mkungu nikisikiliza sauti ile, na machozi yananilenga kwa kumkumbuka baba.

Siku moja sauti ikabadilika.

Fundi alikuwa anagonga tezini, upande wa kushoto, chini ya sitaha. Badala ya tok ikawa du, du. Akachukua kisu akachoma. Kisu kikazama hadi kwenye mpini kama anachoma boga. Mataruma mawili yalikuwa yameoza, na mbao iliyoyashika imeanza kuoza. Ni pale makuti yalipovuja kwa miaka mitano.

Akanipa njia mbili. Ya kwanza, kuufungua ubavu wote wa upande ule, kutoa yaliyooza na kutia mataruma mapya. Kazi ya miezi mitatu zaidi na milioni 5 au 6. Ya pili, kukwangua kilichooza, kuambatisha vipande vipya ubavuni mwa yale mabovu, kuyafunga kwa misumari, na kufunika.

Mimi fedha zilikuwa zimeniishia na mwenye mkopo ananitazama. Nikachagua njia ya pili. Sikuwashauri ndugu zangu.

Mzee yule alifunga kazi yake, akanawa mikono, akaniambia: "Mwanangu, hii itakwenda. Lakini atakayelichukua umwambie. Bahari ya ndani itamvumilia. Kusi likikaza nje huko, halitomvumilia."

Nikasema inshaallah.

Ndugu zangu, tuichunge hii inshaallah. Kuna inshaallah ya mja anayemtegemea Mola wake, na kuna inshaallah ya mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

SIKU YA KULISHUSHA

Chini likapakwa deheni, juu likapakwa rangi nyeupe na mstari wa kijani kama baba alivyopenda. Tukangoja bamvua, maji yakijaa sana, tukalishua. Watu wasiopungua thelathini walivuta kamba. Watu walilia, wallahi. Wazee waliomjua baba wakasema, "Marehemu karudi."

Jahazi lililokaa sana nchi kavu likiingia majini huvuja, na hilo si kasoro. Mbao imekauka na kunywea, ikipata maji inavimba, nyufa zinajifunga zenyewe. Siku ya kwanza tulichota maji ndoo kwa ndoo. Siku ya tatu yakapungua. Siku ya kumi yalikuwa yamebaki ndoo mbili kila alfajiri, na hazikupungua tena. Nilijua zinatoka wapi.

MNUNUZI

Mnunuzi alikuwa kijana wa Tanga aliyefanya kazi hotelini miaka mingi akakusanya akiba yake. Alitaka kuchukua watalii kwa tanga, kuwapeleka visiwani na kuwarudisha. Bahari hakuijua sana. Alichokijua ni watu na biashara.

Nilimwambia aje na fundi wake akague. Hili nililisema. Akacheka, akaniambia: "Ustadh, mimi nasikiliza mawaidha yako miaka yote hii kwenye simu. Nikuletee fundi wewe? Neno lako latosha."

Neno lile lilikuwa amana. Nami nilifurahi, badala ya kutetemeka.

Akazunguka, akashika mlingoti, akapiga picha. Akainama akachungulia ngama. Akauliza swali moja tu: "Ustadh, mbona ndani kuna maji?"

Nikamjibu: "Mbao ikikaa nchi kavu hukauka. Ikirudi majini hunywa, huvimba, na maji hupungua."

Kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Hakuna fundi duniani angenikanusha. Lakini jibu lile lilikuwa uongo, kwa sababu nilichukua ukweli mmoja nikaufunika ukweli mwingine.

Tukakubaliana shilingi milioni 38. Akatoa milioni 10 pale pale, zilizobaki atoe ndani ya miezi miwili. Mashahidi wakashuhudia. Kisha wakasema, Ustadh, tuombee dua.

Nikainua mikono. Nikamwomba Allah atie baraka katika biashara ile. Kisha tukaachana.

USIKU ULE

Nilisalisha Isha kama kawaida. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza jambo moja: "Atapakia watu?" Nikasema ndiyo. Hakuongeza neno.

Sisi wa visiwa hivi swali hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba. Tulipanga maiti tukawasalia. Mtu aliyekuwepo siku zile hawezi kusikia neno "kuzama" kama wasikiavyo wengine.

Nililala sikulala. Nafsi yangu ilinipa hoja moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa hoja nilizowahi kuzijibu mwenyewe mimbarini. Nawaandikia hapa kwa sababu ni hoja zile zile za kijana wa gari.

Hoja ya kwanza: "Hakuuliza."

Dini haikumwekea mnunuzi wajibu wa kuuliza. Ilimwekea muuzaji wajibu wa kubainisha. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari madamu hawajaachana, na kwamba wakisema kweli na wakabainisha, hutiliwa baraka, na wakificha na wakasema uongo, baraka ya biashara yao hufutwa. Tazama vizuri: kuna kusema kweli, na kuna kubainisha. Ni mambo mawili. Mimi nilikuwa na la kwanza, sikuwa na la pili. Na baraka niliyoiomba kwa mikono yangu, nilikuwa nimeshaifuta kwa ulimi wangu.

Hoja ya pili: "Si mimi niliyeliozesha. Ni mvua."

Sasa turudi kwenye mvua. Mnakijua kisa alichokipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata majimaji. Akamuuliza mwenye nafaka, ni nini hiki? Akajibu kuwa mvua imeipata. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Kisha akatamka kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Subhanallah. Hadithi hii nimeifundisha mara ngapi? Na sikuwahi kuona kwamba yule mtu alikuwa na udhuru wa kweli. Mvua ni ya Allah. Kosa lake lilikuwa mpangilio tu, kavu juu, mbichi chini. Na mimi mvua ilininyeshea vile vile, nami nikaweka rangi juu.

Hoja ya tatu: "Nimelitengeneza, kwa hiyo si kasoro tena."

Matengenezo ni ya aina mbili. Kuna matengenezo yanayoondoa kasoro na kuna yanayoondoa kuonekana kwake. La kwanza ni ihsani. La pili ni baya kuliko kuacha vile vile, kwa sababu jahazi bovu lisilopakwa rangi lingemtahadharisha mnunuzi lenyewe. Likiwa limechakaa, angeleta fundi. Lilipopendeza, akaona haya kuleta fundi. Rangi yangu ndiyo iliyomnyamazisha.

Na si rangi ya kopo tu. Rangi ya pili ilikuwa kanzu yangu na kofia yangu. Kijana yule hakununua mbao, alinunua mawaidha yangu ya miaka yote.

Hoja ya nne: "Nitasema nauza kama lilivyo, sina dhamana."

Hili ndilo wafanyabiashara wengi hulikimbilia. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti kama hilo halimtoi muuzaji katika dhima ya kasoro anayoijua. Na Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutowajibika na kasoro. Mnunuzi akadai mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Wakafika kwa Khalifa Uthman (r.a.), naye akaamua Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa. Akamrudisha kwake. Baadaye alipopona akamuuza dirham 1500.

Jiulize swali la Uthman: uko tayari kuapa? Ukiona mkono unasita kwenye Msahafu, basi jibu lako unalo.

Hoja ya tano: "Si mali yangu peke yangu, nina warithi."

Hii ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu ina harufu ya huruma. Dada yangu alikuwa akiingojea sehemu yake aezeke bati. Piga hesabu: milioni 38, toa 14 za matengenezo, zinabaki 24. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Dada milioni 4 na laki 8, sisi wanaume milioni 9 na laki 6 kila mmoja. Nilikuwa naona bati la dada yangu mbele ya macho yangu.

Lakini nikaikumbuka amri ya kutokula mali zetu baina yetu kwa batili. Aya haikumvua mwenye ndugu maskini. Huwezi kumpa dada yako sadaka kutoka mfukoni kwa mtu mwingine ambaye hajui kuwa anaitoa.

ASUBUHI

Baada ya Alfajiri nilimpigia simu. Akaja akidhani ni hati.

Nilitandika jamvi pwani, nikaweka milioni 10 zake mbele yake. Kisha nikampeleka tezini, nikampa kisu, nikamwonyesha pa kuchoma.

Akachoma. Akanyamaza muda mrefu. Akauliza: "Ustadh, jana ulikuwa unajua?"

Nikasema: "Nilikuwa najua."

Akasema: "Na ile dua?"

Ndugu zangu, nimewahi kuulizwa maswali magumu na wanavyuoni na vijana wa vyuo vikuu. Sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko lile. Nilimwambia tu, nisamehe. Fedha zako hizi hapa. Ukitaka biashara ivunjike ni haki yako, huhitaji ruhusa yangu.

Hakuzichukua na hakunisamehe pale pale. Alisema ataleta fundi. Akamleta wa kwake, si wa kwangu, na alikuwa sahihi. Fundi akagonga jahazi zima kuanzia omo hadi tezi. Tukauvunja mkataba wa kwanza, tukafunga mpya, mbele ya mashahidi wale wale, kila kasoro ikiandikwa. Bei: milioni 27.

Dua safari hii aliomba shahidi mmoja mzee. Mimi niliitikia amin.

NYUMBANI

Mdogo wangu alikasirika. "Kaka, umetutupia baharini milioni 11." Nikamwambia hazikuwa zetu. Zilikuwa fedha za yule kijana tulizotaka kuzichukua akiwa hatazami. Jahazi halikuwahi kuwa na thamani ya milioni 38 hata siku moja, ni rangi iliyokuwa na thamani hiyo. Hakuridhika. Wiki kadhaa tulisalimiana kwa salamu tu.

Lakini na mimi nilikuwa na deni kwao. Njia fupi niliichagua peke yangu bila kuwashauri. Nikasamehe milioni 2 katika zile 14. Zikabaki 15 za kugawa: milioni 6 kwangu, 6 kwa mdogo wangu, 3 kwa dada.

Dada nilimfuata mwenyewe, nikamweleza yote, nikiogopa uso wake. Akaniambia: "Kaka, bati nitaezeka mwakani. Watoto wa watu wasizame kwa ajili ya bati langu."

Yeye hakusoma chuo nilichosoma mimi.

Sitowadanganya kwamba Allah alinirudishia mara mbili siku ya tatu yake. Ibn Umar alipata dirham 1500, mimi sikupata 1500 yangu. Nililipa mkopo, nikabaki na kidogo. Na yule kijana, jahazi alilichukua lakini darsa zangu hakuzihudhuria tena hadi Ramadhani iliyofuata. Kusema kweli kwa kuchelewa kuna bei yake, nayo huilipa aliyechelewa.

Ila alipoufungua ule ubavu kwa fedha zilizopungua kwenye bei, alikuta taruma la tatu. Limeoza kuliko yale mawili. Fundi wangu hakuliona. Mimi sikulijua. Lilikuwa linangoja kusi.

JAHAZI LA MASKINI

Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf. Tunapita kwenye kisa cha Nabii Musa (a.s.) na Khidhri. Walipanda jahazi, Khidhri akalitoboa. Musa akashtuka: unataka kuwazamisha watu? Kisha mwishoni, katika aya ya 79, siri inafunuliwa. Jahazi lilikuwa la maskini wanaofanya kazi baharini, na mbele yao kulikuwa na mfalme anayenyang'anya kila jahazi. Khidhri alilitia kasoro ili libaki mikononi mwa wenyewe.

Nimeisoma aya ile tangu utotoni, mtoto wa nahodha, na nikaielewa nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Kasoro ile iliwaokoa kwa sababu ilionekana. Mfalme aliiona akaliacha jahazi. Kasoro iliyo wazi inaweza kuwa rehema, mtu huiziba, huikwepa, huipunguzia bei. Iliyofichwa hukaa chini ya sitaha ikingoja siku ya upepo.

TUNACHUKUA NINI?

1. Ukiuza kitu kilichotengenezwa, uza pamoja na historia yake. Gari, nyumba, simu, chombo. Sema kilichoharibika, kilichobadilishwa, na kilichofunikwa tu.

2. Mwonyeshe mahali penyewe. Usiseme "kuna tatizo dogo." Mpe kisu achome.

3. Ukiaminiwa kwa dini yako, wajibu wako umezidi. Anayekuambia "neno lako latosha" amekukabidhi macho yake.

4. Usichague wa kumweleza. Suratul Mutaffifin inawakemea wanaopunja watu. Imesema watu, haikusema Waislamu. Mtalii asiyejua kibla ana haki ile ile ya kujua kilichooza.

5. Ukiwa umeshauza na umeshaficha, mlango haujafungwa. Piga simu leo. Mnunuzi ana haki ya kurudisha kwa kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo. Na kuna fadhila katika hadithi kwa anayekubali kuvunja biashara na nduguye aliyejuta, kwamba Allah humsamehe kuteleza kwake. Aibu ya simu ile ni ya dakika kumi. Nimeionja, haiui.

Kijana wangu wa gari, nadhani sasa umepata jibu. Najua bei itashuka. Lakini hicho kitakachoshuka hakikuwa chako tangu mwanzo.

Mwaka jana yule mnunuzi alinialika. Tulitweka tanga tukatoka nje kidogo, kusi likivuma. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kigeni, umri wa miaka mitano hivi, akicheza tezini upande wa kushoto, pale pale. Nikakaa karibu naye. Nikaweka mkono juu ya mbao. Ngama ilikuwa kavu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Tupe ulimi unaobainisha kabla hatujaachana na wenzetu. Wasamehe wazazi wetu waliotulisha kwa jasho la bahari, na uwarehemu wote waliozama katika maji haya. Amin.

Wallahu a'lam.

Ukiona posti hii ina faida, mfikishie ndugu yako anayenunua na kuuza. Na ukiwa umewahi kukumbwa na jambo kama hili, upande wowote ule, tuandikie hapa chini tupate kujifunza. Usitaje jina la mtu.